Alhamisi Nyumbani kwa Marlys

Alhamisi, 8 Januari

Msimu mpya wa tamthilia yetu umeanza leo, na baridi kali imeamua kuanza siku hiyohiyo. Nimevaa soksi za marehemu mume wangu juu ya soksi zangu, nikavuka barabara kwenda kwa Marlys na sahani ya vibiskuti vya limau chini ya koti. Vern alikwisha fika na kukalia kiti kizuri. Sisi ni watatu tu, na sheria yetu ni moja: haruhusiwi mtu kutazama kabla ya wenzake. Mpelelezi Strand anatusubiri sote au hatusubiri yeyote.

Msimu huu ni habari ya tarishi aliyegongwa na gari kando ya barabara, na aliyemgonga akatoroka. Marlys alipoona hivyo akashika rimoti haraka.

"Dada, tutafute vichekesho. Hii haikufai."

"Iache," nikamwambia. "Nataka angalau mara moja nione mtu akikamatwa, hata kama ni wa uongo."

Leland wangu aligongwa majira manne ya baridi yaliyopita, akirudi kwa miguu kutoka mazoezi ya kwaya kwa sababu gari letu liligoma kuwaka. Mtu wa gari la kusafisha theluji barabarani ndiye aliyemkuta alfajiri. Polisi wa kaunti waliokota vipande vya taa, wakapita gereji zote, hawakupata kitu. Nani aliyefanya nimeshamwachia Mungu. Ninalomsumbua nalo Mungu ni jingine. Daktari alisema Leland hakufa papo hapo. Basi nauliza, kila ninapopiga magoti: alikuwa peke yake? Hilo tu. Nikilijua hilo nitalala.

Ijumaa, 9 Januari

Theluji usiku kucha. Nimeamka nikakuta Wade, mdogo wake Marlys, ameshasafisha njia yangu na jembe la gari lake na kuondoka. Baridi ya nne hii, na senti hataki. Tangu aache pombe amekuwa mtu wa kunyamaza. Mungu amzidishie.

Alhamisi, 15 Januari

Nusu saa nzima leo hatukumsikiliza Strand, tulikuwa tunacheka theluji yao. Inaanguka kama pamba, na waigizaji wanatembea vichwa wazi bila hata mvuke mdomoni!

"Hiyo ni sabuni," Vern akasema. "Wako California wamevaa kaptula chini ya hayo makoti." Kisha akatangaza kwamba muuaji ni kasisi.

"Vern, kila msimu ni kasisi," Marlys akamwambia.

"Siku moja nitapatia, nanyi mtaniomba radhi."

Mimi namshuku daktari. Marlys msimu huu hataki kukisia, naye ndiye bingwa wetu. Anasema amechoka.

Alhamisi, 22 Januari

Shule imefungwa kwa baridi, kwa hiyo na jiko la shule ninakopika limefungwa. Nimeshinda nikifuma.

Alhamisi, 5 Februari

Tarishi yule ana mjane, Adela. Kuna mwanamke mwoka mikate, Corinne, ambaye kila wiki humletea Adela mkate wa moto na kukaa naye mezani hadi amalize kula. Leo Adela alicheka kwa mara ya kwanza, na mimi machozi yakanitoka.

"Corinne huyu ni wewe mtupu," nikamwambia Marlys. Ni kweli. Asubuhi ile ya Leland, kabla polisi hawajatoka sebuleni kwangu, Marlys alikuwa mlangoni na bakuli la viazi na nyama, bado linatoa moshi. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa yeye. Baadaye alinivalisha viatu vya kwenda mazikoni, maana mikono yangu ilikataa kufunga kamba.

Marlys akasema anakwenda kuleta kahawa. Alikawia sana jikoni. Kahawa ilikuwa mezani muda wote.

Jumamosi, 14 Februari

Gari la bahati nasibu limewekwa ziwani. Mwaka huu ni kigari cha mwalimu mmoja, kimepakwa rangi ya manjano na watoto wa shule ya Jumapili, na nyuki mkubwa ubavuni. Vern, ingawa amestaafu zimamoto, bado ndiye bwana mkubwa wa shughuli hii: anatoa injini, anatoa mafuta yote ili ziwa lisichafuke, anatoa vioo na taa, kisha wanalivuta mpaka katikati ya barafu na mnyororo mrefu wa kulirudisha litakapozama. Sote tunanunua tiketi kukisia siku barafu itakapoyeyuka na gari kuzama, na fedha zinakwenda kwa zimamoto.

Marlys hakununua tiketi. Siku hizi anasema ni kamari.

"Wewe?" Vern akamwuliza. "Wewe uliyemnyang'anya mchungaji bata mzinga kwenye bingo?"

Hakucheka.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Mchungaji Kirsten alinitia alama kwenye paji la uso, kumbuka u mavumbi. Nimeamua kuacha sukari Kwaresima hii. Tukiwa kwenye supu ya kanisani baada ya ibada, Marlys akaniambia yeye anaacha televisheni.

"Na Alhamisi zetu?"

"Mtatazama kwa Vern."

"Kwa Vern kuna harufu ya samaki na mbwa amekalia kochi. Marlys, nina kitu gani kingine cha kunitoa nyumbani baridi hii? Acha kahawa. Acha kusengenya."

Akanishika mkono chini ya meza. "Sawa. Kwa ajili yako."

Nilifurahi kama mtoto. Namwandika hivi alivyo: ni mwanamke wa kuacha hata nadhiri yake kwa ajili ya rafiki.

Alhamisi, 5 Machi

Marlys anaumwa kichwa. Tumetazama kwa Vern. Mbwa yupo, harufu ipo.

Alhamisi, 12 Machi

Bado anaumwa. Nimempelekea supu ya kuku na wali mweusi wa huku ziwani. Amepokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nimeumia kidogo, lakini nani hana siku zake.

Jumanne, 17 Machi

Barafu imeanza kunguruma wakati wa mchana. Nyuki wa Vern bado amesimama imara.

Alhamisi, 26 Machi

Naandika kabla sijavua koti.

Leo ilikuwa sehemu ya mwisho ya msimu. Nilikwenda mwenyewe kumtoa Marlys kitandani, nikamwambia haiwezekani tumalize bila yeye. Aliamka. Akavaa hata sweta lake zuri.

Mpelelezi Strand akaingia kwenye ghala la nyasi, akaanza kuvuta nyasi kwa mikono, na chini yake likatokea gari, taa moja imevunjika. Akageuka. Corinne alikuwa amesimama mlangoni, unga mikononi. Akasema, "Ni mdogo wangu." Basi. Ikaisha.

Vern akajipiga paja. "Corinne! Mama mikate! Kikulacho ki nguoni mwako!"

"Mimi siamini," nikasema, na kweli nilikasirika. "Waandishi wametuchezea. Walikosa mwisho wakaokota huu. Hakuna mwanamke wa kukaa meza moja na mjane, wiki baada ya wiki, amkatie mkate, na huku anajua."

"Yupo," Marlys akasema.

"Hayupo. Mkate ungemkwama kooni."

"Unakwama," akasema. "Halafu unameza."

"Eti unameza! Basi huyo si mtu, ni shetani."

"Ni mdogo wake, Ardis. Alimlea. Ungetaka afanye nini?"

"Aseme! Aseme siku ileile!"

"Akina mama, akina mama," Vern akaingilia, mdomo umejaa kibiskuti. "Corinne hana neno. Ugomvi wangu mimi ni ghala. Nani anaficha gari kwenye nyasi? Panya peke yao wangemchongea! Watu wa California hawana akili. Mtu wa huku angeniletea mimi. 'Mzee Vern, injini imekufa, lichukue kwa bahati nasibu.' Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, ningetoa vioo, ningetoa taa, watoto wangepaka maua, na mji mzima ungesimama ufukweni kupiga makofi ushahidi ukizama. Na barua ya shukrani ningemwandikia!"

Nilicheka. Mungu ananiona, nilicheka hadi nikashika mbavu. Nikamgeukia Marlys tucheke pamoja, kama tunavyofanya miaka yote.

Hakuwa akimtazama Vern. Alikuwa ananitazama mimi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekaa mbele ya daktari, anangoja amalize kusoma majibu.

Vern hakuona kitu. Alichukua kibiskuti kingine. Nje honi ya Wade ikalia, alikuja kumletea dada yake kuni. Wade haingiagi ndani nikiwepo. Mimi siku zote nilidhani ni aibu ya mlevi aliyeacha.

Nikasema nimechoka, nikavaa koti.

Ijumaa, 27 Machi

Mwaka ule gari la bahati nasibu lilikuwa pikapu ya Wade.

Nimelikumbuka jambo hili nikimenya viazi jikoni shuleni, na kisu kikanidondoka. Leland alizikwa mwishoni mwa Januari. Katikati ya Februari Marlys alikuja akanibembeleza niende kituo cha zimamoto kupaka rangi na watoto. "Utachangamka, dada. Usikae na hizo kuta." Nikaenda. Pikapu ilikuwa imeshatolewa vioo na taa. Watoto walipaka samaki na nyota. Mimi nikapewa upande wa mbele, wa kulia. Palikuwa na mbonyeo. Nikasema, huu utakuwa moyo wa ua, na kuuzunguka nikachora maua ya petali nyeupe, ndefu, nzuri. Watu walinisifu. Aprili lilipozama nilikuwa ufukweni, nikapiga makofi pamoja na wote. Mnyororo ukalivuta, likapelekwa kwenye chuma chakavu, likasagwa.

Ee Bwana, nilichora maua.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda kwa Vern. Sikuingia, nilisimama kwenye ngazi. Nikamwuliza: pikapu ya Wade, ulipoipokea, taa zilikuwa nzima?

Akaanza, "Ardis, mimi nilikuwa natania tu." Nikaona likimwingia polepole, kama maji baridi kwenye kiatu. Akakaa chini palepale kizingitini, mzee mzima.

"Moja ilikuwa tundu," akasema. "Nilimwuliza. Akasema kulungu."

Nani angeshuku? Huku kwetu kila mtu ameshagonga kulungu. Leland mwenyewe aligonga wawili.

"Mimi ndiye niliyezing'oa," Vern akawa anarudia. "Ardis, mimi ndiye niliyezing'oa." Nikaishia kumbembeleza yeye.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi

Tulikaa benchi moja, Marlys na mimi, kama kawaida. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kimoja, yeye ameshika upande wake na mimi wangu. Hakuimba. Mimi niliimba, lakini sijui niliimba nini.

Jumatatu

Siwezi kuomba. Nikifika "utusamehe makosa yetu, kama nasi" nasimama hapo.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Nimekwenda mchana, jua likiwa juu, sikutaka giza lolote. Marlys alikuwa anapiga pasi vitambaa vya altare. Hakushtuka. Aliweka pasi pembeni, akaizima, akakunja kitambaa alichokuwa nacho, kona kwa kona, mpaka kikawa kidogo.

"Kaa," akasema.

"Sikai. Ni Wade?"

"Ni Wade."

Nilidhani nitapiga kelele. Sauti iliyonitoka ilikuwa ndogo. "Alilewa?"

"Alilewa. Tangu siku ile hajaonja tena, lakini siku ile alilewa."

"Na wewe ulijua lini?"

Hapo akaanza kulia, na mimi nilimchukia kwa kulia. "Alinipigia simu akiwa palepale. Nyumba yangu ndiyo ilikuwa karibu. Nikatoka na koti juu ya nguo ya kulalia."

Nikashika kiti. Bado sikukaa.

"Marlys. Leland alikuwa hai?"

Akakichukua kile kitambaa, akakikunjua, akaanza kukikunja upya.

"Marlys, mimi nimemwuliza Mungu swali hili miaka minne na wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu. Ulinisikia nikiuliza kwa sauti, kwenye kikundi cha maombi, ukasema amina! Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Alikuwa anasema?"

"Alisema kidogo. Nilimwambia Wade aende nyumbani. Nikapiga magoti kwenye theluji, nikaweka kichwa chake hapa." Akagusa paja lake. "Hakuniona vizuri. Alidhani ni wewe. Akasema, 'Ardis, usiniache.' Nami... ningesemaje, dada? Nikasema, 'Sikuachi, Leland. Nipo.' Nikamshika hivyo."

"Na simu?"

"Ilikuwa mkononi."

"Mkononi!"

"Nilikuwa nayo mkononi. Nikawaza, nikipiga, Wade amekwisha, alishakamatwa kwa pombe kabla, safari hii hatoki. Mama aliniachia yule mtoto akiwa na miaka sita. Nikasema acha nifikiri dakika moja tu. Dakika moja. Na alipokata roho nilikuwa bado nafikiri."

Saa yake ya ukutani ilikuwa inagonga na mimi nilitamani kuing'oa. Nikamwuliza ilikuwaje akamwacha pale, peke yake, mpaka alfajiri. Akasema alimfunika na skafu yake, halafu akaogopa, akarudi akaichukua.

Nilimwambia neno ambalo sitaliandika. Sikujua kama ninalo. Halafu nikamwambia Wade aende mwenyewe polisi kabla ya Pasaka, la sivyo nitakwenda mimi, na kama hawana ushahidi mwingine watamwita yeye Marlys, basi aape mbele yangu kwamba nasema uongo.

"Hutasema uongo," akasema. "Nitaapa upande wako."

Jioni kanisani walivua altare, wakatoa vitambaa vyote, wakazima taa. Vitambaa vile alivyokuwa anapiga pasi Marlys havikuletwa. Altare ikabaki mbao tupu.

Ijumaa Kuu

Sikwenda.

Jumamosi, 4 Aprili

Mchungaji Kirsten amepiga simu. Wade amekwenda polisi, mchungaji mwenyewe akiendesha gari na Marlys amekaa nyuma. Wamemshikilia Wade. Marlys ameandika maelezo yake, ameruhusiwa kurudi nyumbani mpaka watakapomwita mahakamani. "Ardis, unahitaji mtu wa kukaa nawe?" Nikasema hapana. Yule ambaye hukaa nami ni Marlys.

Pasaka, 5 Aprili

Bwana amefufuka. Nimekwenda kwa sababu sijawahi kukosa, na kwa sababu nilijua wakinikosa watakuja na vyakula.

Baada ya ibada, kwenye kahawa, nilikuwa nimejibanza karibu na makoti. Wanawake wa kanisa hawakuniona.

"Mimi nilishuku tangu alipoacha pombe ghafla vile. Mlevi haachi bure."

"Wade hana akili ya kupanga hayo. Ni dada yake."

"Lakini kweli inaingia akilini? Kila siku yuko kwa Ardis, chai, kufuma! Mimi ningeshindwa."

"Damu ni damu, shoga. Wewe ungemtoa mdogo wako?"

"Na Ardis naye, miaka minne, hakuona kitu?"

Nililijua lile zungumzo. Niliijua hata sauti yake, ule utamu wake. Ni sisi, Alhamisi, na vibiskuti. Mmoja akageuka akaniona, akawa mwekundu, kisha akanisogelea kwa upole kabisa: "Mpenzi, wewe ulishuku lini?"

Vern akatokea sijui wapi, akanichukua kikombe mkononi. "Njoo nikupeleke nyumbani," akasema. Njiani hakusema mzaha hata mmoja.

Alhamisi, 9 Aprili

Theluji ya mwisho, nzito na yenye maji. Njia yangu imefunikwa hadi magotini. Nimeitoa na koleo mwenyewe.

Jumanne, 14 Aprili

Gari limezama leo mchana. Nilisikia makofi kutoka jikoni shuleni. Nikafunga dirisha.

Alhamisi, 23 Aprili

Ziwa liko wazi. Bata wamerudi.

Nitaandika ukweli, kwa kuwa hapa hapana wa kunishangaa. Sijamsamehe. Mchungaji ananiambia msamaha si hisia, ni mlango, unaweza kuufungua kidogokidogo. Mimi sioni mlango. Naona skafu aliyorudi kuichukua.

Ila najua sasa kwamba Leland hakufa peke yake. Alikufa akidhani niko naye. Mtu aliyeninyima mume wangu ndiye aliyenipa hilo. Vyote viwili vimetoka mkono mmoja, nami sijui nitapokeaje kimoja nikatae kingine. Leo kutwa nimelibeba neno hili, kazini, njiani, nikiosha masufuria, nikitafuta mtu wa kumwambia. Vern ataangua kilio. Mchungaji ataniombea. Nilimtaka mtu wa kukaa kimya mpaka nimalize kusema, kisha aseme jambo moja tu, lililo sawa.

Saa moja jioni nilipiga simu. Vidole vyangu vinaijua namba ile kuliko mimi.

Alipokea, hakusema haloo. Nilisikia bomba la maji likimwagika, kisha likafungwa. Nami sikusema kitu. Tulikaa hivyo, kila mtu upande wake wa barabara. Nilikuwa naona taa ya jiko lake kupitia dirishani kwangu.

Mwishowe akauliza, polepole, "Umekula?"

"Bado."

Nikakata simu. Nikakaa. Kisha nikawasha jiko, nikachemsha yai, nikala.